Sauti zimenyamaza, kichwa bado kizito: dawa ipi ya zamani ijaribiwe kwa mgonjwa wa skizofrenia?

Mgonjwa ametulia. Sauti hazimsumbui, hamshuku tena jirani, usingizi anaupata. Lakini ukimtuma dukani alete sukari, chumvi na kiberiti, anarudi na kiberiti peke yake. Akibandika maji ya ugali, yanachemka mpaka yanakauka na unga uko palepale mezani. Watu watatu wakizungumza kwa pamoja, mazungumzo yanampita. Nyumbani wanasema ni mvivu, au dawa zimemlewesha. Mara nyingine kweli dawa zinachangia, na tutaanzia hapo, lakini kwa sehemu kubwa huu ni ugonjwa wenyewe. Emil Kraepelin, daktari wa Ujerumani, aliuona upungufu huu mwishoni mwa karne ya 19 kiasi cha kuuita ugonjwa wote kuwa ni akili kudhoofika ujanani. Jina la skizofrenia lilikuja baadaye, mwaka 1908, kutoka kwa Eugen Bleuler.

Dawa za saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti na kushuku yasiyokuwapo, kama haloperidoli, risperidoni na olanzapini huzuia dopamini, kemikali mojawapo ya ubongo. Hiyo hunyamazisha sauti, ila kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri hubaki karibu palepale. Nchini Marekani hakuna dawa hata moja iliyopewa kibali kwa ajili ya tatizo hili. Ndiyo maana macho yameelekezwa kwenye rafu ya dawa za zamani: za usahaulifu wa wazee, za mifupa, za usingizi, za kisukari. Usalama wake unajulikana na nyingi bei yake imeshuka. Kasoro iko hapohapo kwenye bei: dawa ambayo hataza yake, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, imekwisha haina kampuni ya kuigharamia jaribio kubwa, kwa hiyo ushahidi mwingi unatoka kwenye majaribio ya watu makumi kadhaa.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila dawa hapa inapimwa kwa mambo manne. Kwanza, ushahidi: walijaribiwa watu wangapi, na je, waliomeza dawa waliwashinda waliomeza plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani? Pili, dozi na jinsi ya kuipandisha. Tatu, panapoharibika: madhara, na kugongana na dawa nyingine. Nne, faida ya pili: ikiwa kichwa hakitachangamka, je, mgonjwa atakuwa amepata kitu kingine?

Kigezo cha nne ndicho kinachopaswa kubeba uzito. Hakuna dawa hapa yenye ushahidi wa kutosha kusema itasaidia akili kwa hakika, hivyo ni busara kuchagua ile ambayo mgonjwa angeihitaji hata bila tatizo la akili. Wengi wanaopotea hapa hupotea kwa kuanzia kwenye habari mpya badala ya kuanzia kwenye mwili wa mgonjwa.

Matumizi yote yanayofuata yako nje ya kibali cha dawa hizi. Yanahitaji daktari anayemfuatilia mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe aelezwe hivyo na akubali. Sonona, bangi, pombe, tezi ya shingo na VVU viangaliwe mapema, maana kila kimoja kinaweza kuleta uzito uleule wa kichwa.

## Kabla ya kuongeza, hesabu kinachotia ukungu

Asetilikolini ni kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza na kukumbuka. Dawa nyingi zinaizuia, na baadhi hutolewa pamoja na dawa za saikosisi kwa mazoea tu. Kinara ni benzeksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Hutolewa kuzuia kutetemeka, kukakamaa na macho kupinduka juu.

Ipo orodha inayotumiwa na wafamasia inayoipa kila dawa alama 1 hadi 3 kulingana na inavyoizuia asetilikolini. Benzeksoli ina 3. Klopromazini, ile Largactil, ina 3. Amitriptilini ina 3. Piriton ya mafua, inayouzwa bila cheti, nayo ina 3. Klozapini, olanzapini na kwitiapini, zote dawa za saikosisi, ni 3 kila moja. Haloperidoli na risperidoni ni 1. Sasa mchukue mgonjwa anayemeza Largactil usiku, benzeksoli asubuhi na jioni, amitriptilini kwa ajili ya usingizi, na wiki hii ana mafua: jumla ni 12. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwapima wagonjwa 1,120 wa skizofrenia nchini Marekani. Zaidi ya nusu walikuwa na alama 3 au zaidi, na kadiri alama zilivyopanda ndivyo matokeo ya vipimo vya akili yalivyoshuka. Utafiti mdogo wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mzigo huohuo unapunguza hata faida ya mazoezi ya kumbukumbu.

Shirika la Afya Duniani halishauri benzeksoli na dawa za jamii yake zitolewe kwa kila mgonjwa kama kinga. Zinafaa pale kukakamaa kunapotokea kweli, na kwa muda mfupi.

Kuipunguza kuna utaratibu. Kuikata ghafla huleta kichefuchefu, jasho, wasiwasi na kukosa usingizi, halafu familia inadhani ugonjwa umerudi. Kwa anayetumia miligramu 5 mara mbili kwa siku, njia ya tahadhari ni kupunguza nusu kidonge, yaani miligramu 2.5, kila baada ya wiki 2 hadi 4, kuanzia na dozi ya jioni kwa sababu benzeksoli huchangamsha na kuvuruga usingizi. Kila hatua, angalia mikono ikinyooshwa, mwendo, na kama mgonjwa anaweza kukaa kitini bila kuhangaika. Anayechomwa Modecate, sindano ya saikosisi inayodumu wiki kadhaa, au anayetumia haloperidoli ya dozi kubwa anaweza kukakamaa upya. Huyo daktari huangalia kwanza kama dozi ya dawa ya saikosisi yenyewe inaweza kushushwa. Kinachopunguzwa hapa ni benzeksoli. Dawa ya saikosisi isiachwe.

Mara nyingine kazi inaishia hapa, na mgonjwa hahitaji kuongezewa kitu.

## Donepezili na galantamini

Kazi ya asili: usahaulifu wa wazee wa aina ya Alzheimer. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini.

Ushahidi: kwa nadharia ni nzuri, ila majaribio yalivunja moyo. Kubwa zaidi la donepezili, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa na wagonjwa 250 na liliendeshwa kwa wiki 12. Waliomeza dawa walipanda kwenye vipimo, na waliomeza plasibo nao wakapanda, kwa sababu mtu akirudia mtihani uleule anauzoea. Mwaka huohuo jaribio dogo la galantamini lilionyesha nafuu kwenye wepesi wa kufikiri na kumbukumbu ya maneno, lakini alama ya jumla haikusogea.

Dozi: donepezili miligramu 5 kwa siku kwa wiki 4 hadi 6, kisha 10. Galantamini miligramu 4 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, ikipandishwa polepole isizidi 12 mara mbili.

Panapoharibika: kichefuchefu, kuharisha, mapigo ya moyo kushuka, kuzimia. Ndoto kali za usiku hupungua dawa ikihamishiwa asubuhi. Kabla ya kuanza, pima mapigo, na kama pana uwezekano fanya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hasa kwa anayetumia dawa zinazogusa umeme wa moyo kama haloperidoli. Anayepangiwa tiba ya mshtuko wa umeme au upasuaji amwambie mtaalamu wa usingizi, maana dawa hizi hurefusha nguvu ya suksametoni, dawa ya kulegeza misuli. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuitoa pamoja na benzeksoli: moja inaongeza asetilikolini, nyingine inaizuia, na mgonjwa analipia zote mbili.

Faida ya pili: kwa kijana, hakuna. Kwa mgonjwa mzee ambaye Alzheimer nayo imeingia, hapo ina nafasi yake halali.

## Memantini

Kazi ya asili: Alzheimer ya wastani na kali. Hufunga kwa ulegevu mlango wa glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, uitwao NMDA.

Ushahidi: jaribio la wagonjwa 138 lililochapishwa mwaka 2009 halikuona tofauti na plasibo. Majaribio madogo yaliyofuata, mengine kwa watumiaji wa klozapini, yameona nafuu kidogo, zaidi kwenye kunyong'onyea: kutosema, kutojali, kutotaka kutoka ndani. Kwenye akili yenyewe nafuu ni ndogo na haijirudii kila mahali.

Dozi: miligramu 5 kwa siku wiki ya kwanza, ongeza 5 kila wiki hadi 20. Figo zikiwa dhaifu sana, mwisho ni 10 kwa siku.

Panapoharibika: kizunguzungu, kichwa kuuma, kufunga choo, na mara chache kuchanganyikiwa. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, hufunga mlango huohuo wa NMDA kwa nguvu na huleta dalili zinazofanana na saikosisi, kwa hiyo memantini isikutanishwe nayo, wala na amantadini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Na soma chupa ya dawa ya kikohozi: dekstrometofani iliyomo kwenye baadhi ya sharubati hizo iko kundi hilohilo.

Faida ya pili: ndogo, ila mwili huivumilia vizuri na haigombani na benzeksoli kama donepezili.

## Raloksifeni

Kazi ya asili: kuimarisha mifupa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, miligramu 60 kwa siku. Hufanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, kwenye baadhi ya viungo na kuipinga kwenye vingine.

Ushahidi: hapa ndipo matokeo yanapotofautiana zaidi, na tofauti yenyewe inafundisha. Timu ya Australia mwaka 2015 iliwapa wanaume na wanawake miligramu 120 kwa siku kwa wiki 6 na kuona kumbukumbu ya maneno na umakini vikipanda. Mwaka 2017 dozi hiyohiyo ilijaribiwa Ulaya Mashariki kwa wanawake 200 waliokoma hedhi na waliokuwa wamezidiwa na ugonjwa. Waliopewa plasibo wakafanya vizuri kuliko wao. Wa kwanza walikuwa wametulia na umri wao mdogo, wa pili walikuwa kwenye kilele cha ugonjwa. Anayesoma utafiti mmoja tu atatoka na imani, au na hofu, isiyostahili.

Panapoharibika: damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Aliyewahi kupata hilo asiiguse. Husimamishwa angalau saa 72 kabla ya upasuaji au jambo lolote litakalomlaza mtu muda mrefu. Klozapini nayo huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo zikikutana hesabu hubadilika. Joto la ghafla mwilini na misuli ya mguu kukaza ni kawaida. Haifai kabisa kwa mwanamke anayeweza kushika mimba.

Faida ya pili: kubwa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Dawa kadhaa za saikosisi, risperidoni na haloperidoli zikiwamo, hupandisha prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, na prolaktini ikikaa juu miaka mingi mifupa hulika.

## Modafinili

Kazi ya asili: ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, Marekani iliiruhusu mwaka 1998.

Ushahidi: dozi moja ya miligramu 200 imewahi kuboresha uwezo wa kushika mambo kichwani kwa muda mfupi kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa. Majaribio ya wiki kadhaa hayakuona faida ya kudumu. Kuchangamka kwa siku moja na kuimarika kwa akili ni vitu viwili tofauti.

Dozi: miligramu 100 asubuhi, isizidi 200. Baada ya saa sita mchana itaiba usingizi.

Panapoharibika: sauti na shuku zinaweza kurudi, na hili limeripotiwa. Upele ukitokea, dawa isimamishwe siku hiyohiyo na mgonjwa aonwe, kwa sababu mara chache ngozi huchubuka vibaya. Huharibu kazi ya vidonge, sindano za kila mwezi na vijiti vya uzazi wa mpango. Kinga nyingine inahitajika wakati wote wa kuitumia na mwezi mmoja baada ya kuacha. Hili husahaulika, na mimba inayopatikana ni ya mtu anayetumia dawa nyingi kwa pamoja.

Faida ya pili: ipo kwa anayesinzia mchana kutwa. Hata hivyo kwanza uliza kama dozi ya dawa ya saikosisi inaweza kuhamishiwa usiku. Hiyo haigharimu kitu.

## Metformini

Kazi ya asili: kisukari cha aina ya pili. Kati ya zote hapa, hii ndiyo utakayoikosa mara chache katika duka la dawa la Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura.

Ushahidi: kwa uzito wa mwili unaoletwa na olanzapini na klozapini, ushahidi ni mzuri. Kwa akili bado ni mchanga: majaribio machache, mengi kutoka China, yameona nafuu ya kumbukumbu. Kinachoipa mantiki ni kwamba wagonjwa wa skizofrenia wenye kisukari, shinikizo la damu au kitambi pamoja na mafuta mengi kwenye damu hufanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao wasio nayo.

Dozi: miligramu 500 kwa siku pamoja na chakula, ongeza 500 kila wiki 1 hadi 2 kadiri tumbo linavyovumilia, mwisho 1,000 mara mbili kwa siku. Kwa anayefunga Ramadhani, dozi huhamishiwa futari na daku kwa mpango wa daktari. Ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Panapoharibika: kuharisha na tumbo kunguruma wiki za kwanza, hasa dozi ikipandishwa haraka. Figo zipimwe kwanza. Kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikiwa chini ya 30 haitolewi. Mgonjwa akitapika au kuharisha sana asimamishe mpaka arudishe maji mwilini, kwa hofu ya tindikali kujaa kwenye damu. Baada ya miaka, vitamini B12 huweza kushuka, na ganzi ya miguu ni dalili mojawapo. B12 ikishuka nayo huharibu kumbukumbu, kwa hiyo dawa iliyotolewa kusaidia akili inaweza kuiumiza isipofuatiliwa.

Faida ya pili: kubwa kuliko zote kwa aliyenenepa kwa ajili ya dawa.

## Mbili za kupita haraka

Minosaiklini, antibiotiki ya chunusi, ilileta matumaini katika majaribio madogo. Kisha likaja jaribio la Uingereza la wagonjwa 207 kwa miezi 12, likachapishwa mwaka 2018, na halikuona faida yoyote. Kutumia antibiotiki mwaka mzima bila faida ni kufuga usugu wa vijidudu tu.

Asetilisisteini, inayojulikana hospitalini kwa sumu ya parasetamoli, imejaribiwa kwa gramu 2 kwa siku. Faida iliyoonekana ni ya dalili za kunyong'onyea, na huchukua takriban miezi 6. Anayetafuta matokeo ya mwezi mmoja asianze.

## Kupima bila kujidanganya

Lile jaribio la donepezili lilikwama kwenye kuzoea mtihani, na nyumbani au kliniki kuzoea huko kutakukwamisha vilevile. Kipimo kimoja rahisi ni kutaja wanyama kwa sekunde 60. Mara ya kwanza mgonjwa anasema ng'ombe, mbuzi, paka, halafu kimya. Ukirudia wiki ijayo anaanza na walewale watatu bila kuwaza, akiwa na muda wa kuongeza wanne. Hajapona, ameuzoea mtihani. Dawa ya hilo ni kumpima mara tatu kabla ya kuanza dawa na kuchukua matokeo ya mwisho kama msingi, kisha kubadilisha kundi: wanyama, vyakula, vitu vya sokoni. Saa iwe ileile ya siku.

Pamoja na hilo, chagua kazi mbili za nyumbani na uziandike: kutumwa vitu vitatu dukani, kupika ugali mpaka mwisho bila kukumbushwa. Badilisha dawa moja tu kwa wakati, uipe wiki 12. Kusipokuwa na tofauti kwenye kipimo wala kwenye kazi, iondolewe.

## Kwa hali ipi, ipi

Mgonjwa ana alama 3 au zaidi za dawa zinazozuia asetilikolini: anza na kupunguza benzeksoli, amitriptilini na Piriton. Dawa nyingine zote zisubiri.

Amenenepa tangu aanze olanzapini au klozapini: metformini, figo zikiwa sawa. Akili ikichangamka ni nyongeza.

Ni mwanamke aliyekoma hedhi, ametulia, mifupa inatia shaka, na hajawahi kuganda damu: raloksifeni ni mjadala halali na daktari. Akiwa amezidiwa, ngojeni atulie.

Ananyong'onyea kuliko kusahau, na yuko kwenye klozapini: memantini au asetilisisteini, kwa matarajio madogo.

Ana zaidi ya miaka 65 na usahaulifu unaongezeka mwaka hadi mwaka: achunguzwe Alzheimer kwanza, donepezili inaweza kuingia kwa sababu hiyo.

Anasinzia mchana: hamisha dozi usiku. Modafinili ibaki ya mwisho, na kwa ambaye sauti zimenyamaza kwa muda mrefu.

Ni kijana mwembamba, anatumia dawa moja tu ya alama 1, hana kisukari wala shinikizo: hapa hakuna kidonge chenye sababu ya kutosha. Mazoezi ya kutoa jasho kama dakika 90 kwa wiki na mafunzo ya kumbukumbu yenye msimamizi yana ushahidi zaidi ya dawa zote zilizotajwa juu, na ratiba inaweza kuanza Jumatatu: nusu saa ya kutembea haraka mara tatu kwa wiki, na karatasi ya vitu vitatu vya dukani ambayo anaisoma, anaikunja mfukoni, na kuifungua akishataja mwenyewe mbele ya kaunta.